Mwanga Uliofungiwa Nje

Machi 3

Mwanangu Bosi ameondoka leo asubuhi. Wiki nzima nyumba ilijaa nyundo, vumbi, na kelele zake na rafiki yake, fundi wa vioo, wakitaniana kama walivyokuwa wakitaniana wakiwa shule. Sasa nimebaki na madirisha mapya.

Si vioo vya kawaida. Vina weusi mwepesi kama chai isiyo na maziwa, na ukivisogelea unaona mistari myembamba kuliko uzi wangu wa kushonea vifungo. Jua likivipiga vinazalisha umeme, umeme unashuka kwa waya uliofichwa kwenye fremu mpaka kwenye betri chini ya meza ya kukatia vitambaa. Betri ikijaa, cherehani inaenda, taa zinawaka, birika linachemka. Ikiisha, nyumba inarudi yenyewe kwenye umeme wa kawaida. Zile mbao za nje za zamani, zinazofunika dirisha lote, hakuzing'oa. Amesema nizifunge upepo ukiwa mkali, zisije zikarushwa takataka vioo vikapasuka.

"Mama, hata mtaa mzima ukiwa giza, wewe utashona," alisema. Kisha akanionyesha simu yake. Kuna mstari unapanda na kushuka. "Hapa naona jua limeleta kiasi gani na wewe umetumia kiasi gani. Ni kama nipo hapahapa."

Jina la Bosi alipewa na baba yake, alipokuwa hajui hata kuvaa viatu lakini anatoa amri kwa watu wazima. Likaganda. Huyo baba yake ametangulia mwaka jana, na tangu hapo mtoto akija hakai bila kushika bisibisi.

Aliposhuka ngazi nilikimbilia dirishani kumpungia. Akageuka akatazama juu, akatafuta, akaenda zake. Kumbe vioo hivi aliye ndani anaona nje, aliye nje haoni kitu.

Machi 5

Sare za shule. Leo ni mikono ya mashati tu, kushoto na kulia, kushoto na kulia.

Machi 8

Bosi amepiga jioni.

"Mama, leo tumepata vizuri sana! Umeona pale mchana?"

"Nimeona jua, mwanangu."

"Mstari umepanda mpaka juu kabisa. Haya, safi. Usiku mwema."

Nilikuwa nataka kumwambia mwenye duka la sare amenisifia kola. Simu ilishakatwa. Nikaiambia cherehani.

Machi 14

Mvua zimeanza. Kutwa nzima mawingu, ndani rangi ya kahawia kama nimekaa kwenye chupa ya dawa.

Mpangaji wa juu yangu ameanza tena kuburuza viti. Mama mmoja kijana, ana binti mdogo, wamehamia baada ya mazishi ya mume wangu kwa hiyo sijawazoea. Tukikutana ngazini ananipa shikamoo ya mbio, hata marahaba yangu haisubiri. Lakini viti! Kila jioni, krrr, krrr, kutoka ukuta huu mpaka ule. Nimempa jina: Bibi Viti.

Machi 16

Mvua. Vifungo.

Machi 17

Mvua. Sindano imevunjika. Hakuna aliyepiga wala aliyegonga. Nimejikuta nasema kwa sauti "haya sasa" ili nisikie sauti ya mtu.

Machi 19

Upepo mkali jioni, mabati ya duka la mkabala yanapiga makofi. Nimefunga mbao zote za nje kama alivyoagiza Bosi, nikalala mapema.

Machi 20

Leo imetokea ajabu. Nilisahau kufungua mbao. Nilikuwa na haraka ya kumaliza sketi, nikawasha taa nikashona tu. Mchana simu ikalia.

"Mama! Uko salama?"

Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka mbio.

"Niko salama, kwani vipi?"

"Mstari umelala tangu asubuhi; vioo visipoleta kitu, hata matumizi yako siyaoni. Hakuna kitu kabisa, na kule kwenu naambiwa mvua imekatika. Nikasema labda mama kaanguka, labda vioo vimepasuka, labda... Hebu niambie, umekula?"

Umekula! Sijaulizwa hivyo tangu tanga lianuliwe. Nikamwambia nimekula. Akaniuliza nimekula nini. Akauliza mguu unaniuma bado. Akanisimulia msimamizi wake pale kwenye ghala la barafu, jinsi alivyojifungia mwenyewe kwenye chumba cha baridi akapiga mlango kama mbuzi. Nilicheka mpaka machozi. Tuliongea mpaka chai ikapoa mezani.

Alipokata simu ndipo nikakumbuka mbao. Nikazifungua. Jua likaingia lote kwa pamoja.

Sikumpigia kumwambia.

Machi 21

Jua zuri. Bosi hakupiga.

Machi 22

Jua zuri. Ametuma ujumbe: "Safi sana leo mama."

Machi 24

Nimeamka, nimetandika kitanda, nimechemsha chai, nimesimama mbele ya dirisha la sebuleni muda mrefu. Kisha nikanyoosha mkono nikavuta mbao, moja, na nyingine. Nikaenda na la chumbani.

Alipiga kabla ya adhuhuri. Alianza na vioo, akamalizia na baba yake: jinsi walivyowahi kwenda kuvua samaki wakarudi na kiatu. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Walikuwa wamenificha kwamba kiatu walichokivua kilikuwa cha mume wangu mwenyewe, kilichomponyoka majini.

Nilipolala nilikuwa na furaha, na nilijichukia kidogo tu.

Machi 29

Nazifunga siku moja, nafungua siku moja. Nikifunga siku mbili mfululizo anapiga mara mbili.

"Itakuwa waya," anasema. "Au viungio vimeingia maji. Nitamtuma fundi."

"Usimsumbue, mwanangu. Labda ni mawingu tu."

"Mama, mawingu hayaleti sifuri. Kioo hata mawinguni kinapata kidogo."

Sikulijua hilo. Nikajiona kama mwanafunzi aliyekamatwa anatazama daftari la mwenzake.

Aprili 2

Fundi wa vioo amekuja. Nilifungua mbao mapema. Ameweka kipimo chake kila mahali, amepanda ngazi, amelala chini ya meza ya kukatia akatoka na vipande vya uzi kichwani.

"Mama, vioo hivi vizima kabisa."

"Labda vinaumwa vikijisikia," nikasema.

Akacheka kwa adabu. Alikunywa chai, akanisimulia mkewe anakaribia kujifungua, akaniuliza kama nashona nguo za watoto wachanga. Alipokuwa anaondoka alisimama nje kwenye ujia akatazama juu. Najua alikuwa anatazama bawaba za mbao, zilivyong'aa kwa kufunguliwa na kufungwa. Au ni dhamiri yangu inayotazama. Kisha akaenda zake.

Aprili 5

Nimekutana na Bibi Viti ngazini, amebeba binti yake mgongoni ingawa mtoto ana miguu mirefu ya kutosha kutembea. Nikasema moyoni, anamdekeza. Ameniuliza, "Mama, unaumwa? Naona madirisha yako yanafungwa mchana."

"Jua linanichoma macho," nikajibu.

Akatazama nje. Mvua ilikuwa inanyesha.

Aprili 9

Bosi amepiga akiwa amekasirika. Hakunikasirikia mimi.

"Nimemwambia ukweli wake. Ameniuzia vioo vibovu halafu ananiambia vizima! Nimempigia akiwa kazini kwake, simu yake iko kwenye spika, wenzake wote wanasikia. Nikamwambia yeye ni mwizi, tena anamwibia mjane."

Nikaweka mkasi chini.

"Bosi, yule ni rafiki yako."

"Alikuwa."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikasema, "Umekula?" Akasema hajala. Nikamwambia ale.

Nimeshona mguu wa suruali mahali pa mkono. Nimeufumua.

Aprili 12

Nimeapa sitafunga tena. Nikafungua zote. Mvua ikanyesha kutwa, na Bosi hakupiga. Nyumba ilikuwa kimya hata bomba la jikoni nililisikia likifikiria kudondosha tone.

Aprili 13

Nimefunga.

Aprili 14

Nimefunga tena. Amepiga asubuhi na jioni. Amesema ataomba ruhusa kazini aje mwenyewe kuving'oa vyote. Nikafurahi kwamba anakuja. Ndivyo nilivyofika: mwanangu agombane na rafiki, apoteze siku zake za kazi, na mimi nawaza nitampikia nini.

Aprili 16

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika yote.

Mbao zilikuwa zimefungwa siku ya tatu hiyo. Mchana mbingu ziligeuka nyeusi na mvua ikashuka kama imemwagwa na mtu mwenye hasira. Umeme wa mtaa ukakatika. Taa yangu ilibaki inawaka kwa betri, lakini kile kitaa kidogo cha kijani kwenye kisanduku cha betri kilikuwa kimegeuka chekundu. Nikazima cherehani. Nikasema, umeme utarudi.

Mlango ukagongwa kwa viganja viwili.

Alikuwa Bibi Viti. Binti yake yuko mikononi, kichwa kimelala begani, na sauti inayotoka kifuani mwa yule mtoto nilidhani ni upepo unaopita chini ya mlango. Chini ya kwapa mama amebana mashine ndogo nyeupe yenye mpira na kikombe cha kuvalia puani.

"Mama, nisaidie. Pumu imembana. Mashine ya dawa haina umeme. Mlinzi wa jengo kaniambia kwako umeme haukatiki, mwanao kaweka vioo."

Nikamkalisha kwenye kiti changu. Nilichomeka mashine mwenyewe. Ikanguruma, ukungu wa dawa ukatoka, mtoto akaanza kuuvuta, na mama yake akafumba macho akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Nikashika mkono wa mtoto. Kucha zake zilikuwa na rangi nisiyopenda.

Ndipo mashine ikapunguza sauti. Ikakoroma. Ikazima. Taa nayo ikazima. Tukabaki gizani, mchana, kwa sababu mbao zimefungwa.

"Imekuwaje?" akauliza. "Mama, imekuwaje?"

Nikakimbilia dirishani nikazisukuma mbao kwa mabega. Mwanga wa mvua ukaingia, hafifu, wa kijivu. Hata kitaa chekundu hakikurudi. Ilichohitaji betri ile ni siku mbili za nyuma, na siku hizo mimi nilizifungia nje.

Tukashuka. Yeye na mtoto, mimi na mwavuli ambao upepo uliupindua tulipofika mlangoni. Barabara imekuwa mto. Gari la mikate lilikuwa limesimama mbele ya duka la mkabala. Nikaenda nikapiga kofi kwenye kioo cha dereva kama mwendawazimu. Alitaka kusema jambo, akamwona mtoto, akafungua mlango. Tulikaa juu ya makreti matupu, tukayumba, na yule mtoto alikuwa hatoi tena hata ile sauti ya upepo. Alikuwa ananitazama tu. Sijawahi kutazamwa hivyo.

Zahanati ina jenereta. Waganga wawili walimchukua, pazia likavutwa. Tukakaa kwenye benchi, tumelowa. Baada ya muda mrefu tukasikia akikohoa, kisha akilia, kisha akimdai mama yake. Mganga akatoka akasema, "Mmewahi. Mngechelewa kidogo tu..."

Bibi Viti akanishika mikono yote miwili. Alikuwa analia.

"Mungu akulipe, mama. Usiku mwingi hawezi kulala chali, nampangia viti ili alale amekaa. Najua tunakupigia kelele. Nilikuwa naona haya hata kukusalimia vizuri. Na leo umetuhangaikia hivi. Mvua ndiyo mbaya, vioo vingeweza nini na mvua hii?"

Angenipiga kofi ningelipokea vizuri zaidi.

"Si mvua," nikasema. "Ni mimi. Nilifunga mbao siku tatu. Betri ilikuwa tupu kwa sababu yangu."

"Kwa nini?"

"Mwanangu akiona umeme haupo, ananipigia simu."

Akanitazama. Nilimwona akilielewa neno moja moja. Kisha akaitoa mikono yake kwenye yangu, taratibu, akasogea mpaka mwisho wa benchi, akageuza uso kwenye pazia.

Nilirudi kwa miguu.

Jioni, umeme uliporudi, nilimpigia Bosi mimi mwenyewe. Sikumbuki mara ya mwisho kumpigia mimi. Siku zote niliogopa kumsumbua. Nikamwambia yote, kuanzia ile siku ya upepo.

"Nilimwita mwenzangu mwizi," akasema mwishowe. "Mbele ya watu, mama."

"Najua."

"Unajua." Akapumua. "Mtoto yuko hai?"

"Yuko hai."

Simu ikakatwa.

Aprili 18

Jua. Mbao wazi. Kimya.

Aprili 20

Nimepanda juu kugonga kwa Bibi Viti, mkononi gauni dogo nililomshonea binti yake. Hatua za miguu zilikuja mpaka mlangoni zikasimama. Mlango haukufunguliwa. Nikarudi na gauni. Ningekuwa mimi, nisingefungua pia.

Aprili 21

Viti vimeburuzwa jioni. Nimekaa nikavisikiliza mpaka vikatulia, na nikaendelea kusikiliza.

Aprili 23

Mwenye duka ameuliza kwa nini mishono yangu imekaza hivi. Nikamwambia uzi mpya.

Aprili 27

Fundi wa vioo amekuja bila kuitwa. Nilikosa pa kuuweka uso. Nikaanza, "Mwanangu, mimi..."

"Bosi ameshaniambia." Alibaki amesimama mlangoni, maji yakimtiririka kwenye koti. "Alisafiri mpaka kazini kwangu. Akaniomba radhi palepale aliponitukania, kwa sauti, wote wakisikia. Halafu tukaenda nyuma ya karakana, akalia kama mtoto."

"Na wewe umemsamehe?"

"Nitamsamehe. Bado nina donge." Akanitazama. "Na la kwako pia lipo, mama, siwezi kukudanganya. Siku ile niliziona zile bawaba. Nikajiambia mama wa rafiki yangu hawezi."

Nikamwambia anisamehe. Akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa. Kisha akasema kitu kilichonikalisha chini.

"Unajua kwa nini anatazama ule mstari? Amenieleza. Asubuhi unapochemsha chai, mstari unaruka kidogo. Akiuona anasema, mama kaamka. Ndipo na yeye anaamka. Kwenye simu hajui aseme nini. Alizoea mzee ndiye anaanza maongezi, halafu anakupa wewe simu. Mama, mwanao hana mtu kule. Nilikwenda mwaka jana, sikumwona akisalimiana na mtu njia nzima."

Alipoondoka nilikaa mpaka kiza kikaingia, bila kuwasha taa. Wiki zote hizi nilidhani anapima jua.

Mei 4

Umeme wa mtaa umekatika tena asubuhi. Mlango umegongwa. Bibi Viti, na mashine chini ya kwapa, na binti kashikwa mkono, leo anasimama kwa miguu yake.

"Mbao ziko wazi?" akauliza. Hakuna shikamoo.

"Ziko wazi."

"Betri?"

Nikasogea ili aone mwenyewe. Aliinama chini ya meza akakitazama kitaa cha kijani, akakitazama tena. Kisha akachomeka. Mtoto alivuta dawa yake akitazama vipande vya vitambaa sakafuni, akaniuliza kama anaweza kuchukua chekundu. Nikampa chekundu na cha bluu. Mama yake hakusema nami. Lakini walipomaliza, alikunja waya wa mashine vizuri akaiacha mezani kwangu.

"Nitaiacha hapa," akasema. "Nisihangaike kuibeba ngazini."

Mei 9

Mvua zimepungua. Nimempigia Bosi. Hakupokea. Nikatuma ujumbe: "Nakuja kukuona. Nafika keshokutwa." Kimya. Nimekata tiketi.

Bibi Viti nimemwachia ufunguo wa nyumba yangu. Ameupokea, akasema, "Shikamoo, mama. Safari njema," na safari hii alisubiri marahaba.

Mei 11

Naandika nikiwa kwa mwanangu.

Alikuja kunipokea stendi. Alibeba begi, akatangulia, hatukuongea njiani. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Sikuwa nimejiandaa kwa chumba chake. Kitanda kimoja. Kiti kimoja. Sahani moja, kijiko kimoja, kikombe kimoja kimegeuzwa juu ya taulo. Dirisha ni dogo, la kioo cha kawaida, nusu limebandikwa magazeti. Mtu aliyeniwekea mimi vioo vya kuvuta jua nyumba nzima, mwenyewe anaishi kwenye nusu ya dirisha.

"Mbona hukuniambia unaishi hivi?" nikauliza.

"Ningekuambiaje? Ungeanza kulia."

"Na mimi ningekuambiaje? Ungeanza kutafuta waya ulioharibika."

Akataka kukasirika. Nilimwona akilitafuta lile kasiriko alilolitunza wiki zote hizi. Akakaa kwenye kitanda, akashika kichwa.

"Ulinitisha, mama. Kila mara mstari ukilala nilijua nimekupoteza na wewe. Kila mara. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa sijui. Nilidhani unaogopea vioo."

"Vioo!" akasema, na hapo akalia, na mimi nikalia, yeye kitandani na mimi kwenye kiti kile kimoja, magoti yetu yanagusana kwa sababu chumba ni kidogo. Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme leo.

Baadaye alichemsha chai. Akaniwekea mimi kwanza kwenye kikombe, akangoja nimalize, akakiosha, akajiwekea. Akaanza kunisimulia tena hadithi ya yule msimamizi wa chumba cha baridi, akasahau kwamba nilishaisikia, na mimi nikacheka palepale pa kuchekea.

Nimemwambia kesho akienda kazini aniachie ufunguo, nitoke nikanunue kikombe kingine.

"Nunua unachokipenda wewe," akasema. "Kitakuwa chako."